Pombe Haikuvuka Mfereji

Wiki iliyopita kijana wangu mkubwa aliingia jikoni na matope meusi mpaka magotini. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza kufagia. Nikafungua mdomo nimgombeze, lakini ile harufu ilinifikia kwanza. Udongo wa bondeni ukigeuzwa mara ya kwanza baada ya mvua kukatika una harufu yake, ya majani yaliyooza na chuma na baridi. Ninyi wa rika langu mliokulia huku kwetu Njombe mnaijua, hamna haja ya kuelezwa. Nikakaa kwenye kigoda na ufagio mkononi, kijana akadhani naumwa.

"Mama, vipi?"

"Nawa miguu," nikamwambia. "Nawa, halafu uniache kidogo."

Aliponiacha nikamwona mama yangu. Si vile alivyokuwa mwishoni, amekonda kitandani na Biblia chini ya mto. Nilimwona amesimama bondeni, kanga ameifunga kiunoni, jembe begani, anasubiri watu ambao hakuwa na uhakika kama watakuja.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Lupembe, mbali na kila kitu. Wakati ule wa Mwingereza barabara ya gari haikutufikia. Mzungu wa serikali tulimwona kwa nadra, akija na karani wake kwa ajili ya kodi, na sisi watoto tulijificha kwenye miti tukihesabu vifungo vya koti lake. Kila mtu alikuwa na mashamba ya aina mbili. Kulikuwa na shamba la mlimani linalosubiri mvua, na mahindi yake tulikula. Halafu kulikuwa na kinyungu, bustani ya bondeni inayolimwa wakati wa kiangazi, wakati milima yote imekauka na umande umekuwa barafu juu ya majani. Kinyungu kilikuwa ndiyo duka letu. Maharage yake tuliyabeba kichwani kwenda Makambako, kule kwenye barabara kubwa yanakopita malori, na yakarudi yamekuwa chumvi, sabuni, kaniki ya mama, na ile kodi ya kichwa. Asiye na kinyungu alikuwa na chakula, lakini hakuwa na kitu kingine chochote. Alivaa ngozi ya umaskini wake hadharani.

Kukifungua kinyungu si kazi ya mtu mmoja. Mvua zikikatika bonde zima limejaa maji kama sifongo. Inabidi uchimbwe mfereji mkubwa kutoka juu mpaka mtoni, na uchimbwe kwa siku moja, kwa sababu ukiuacha nusu maji yanarudi nyuma na kuzamisha vinyungu vya jirani. Hapo ndipo watu waliitana mgowe. Mwenye kinyungu anapika ugimbi, ile pombe ya ulezi, anatangaza siku, watu wanakuja na majembe yao, wanachimba na kunywa mpaka kazi iishe. Na mgowe ulikuwa na sheria yake, haikuandikwa popote ila hata mtoto aliijua. Anayeonja chungu cha mgowe lazima ashike jembe. Na aliyeshika jembe amekubali mbele ya watu kwamba kinyungu hicho ni cha yule aliyeita mgowe. Hawezi tena kukidai, yeye wala mwanawe.

Baba alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge. Alipanda lori la manamba, vibarua wa mkataba, pale Njombe mjini, akiwa na blanketi moja na mdogo wangu bado yuko tumboni. Habari zake tulizipata kwa watu wanaorudi: yupo, mzima, anasalimia. Kiangazi kilichofuata mama alikuwa ametoka kujifungua, akaugua, kinyungu kikalala. Magugu yakaota juu kuliko mimi. Na kiangazi cha pili kilipokaribia, Baba Mkubwa, kaka yake baba, akaja nyumbani.

Baba Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kijana anayetaka kuoa, na kijana hana kinyungu. Alikaa kwenye kigoda, mama akapiga magoti kumsalimia, "Kamwene," naye akaitikia, akasafisha koo.

"Shemeji, kinyungu hakilali misimu miwili. Unajua."

"Najua, shemeji."

"Mwaka huu kisipofunguliwa, nampa kijana. Si kwa ubaya."

"Kitafunguliwa."

"Na nani? Utaita mgowe?"

"Nitaita."

Baba Mkubwa akatabasamu, maana alijua mlango umefungwa wapi. Mama alikuwa amebatizwa akiwa msichana mkubwa, na siku ile aliahidi mbele ya usharika kwamba mkono wake hautapika pombe tena. Mwinjilisti wetu hakuwa na mchezo katika hilo. Mwanamke akipika, alitengwa, Jumapili ya Meza ya Bwana anakaa benchi la nyuma karibu na mlango na kila mtu anaona. Lakini mama, nikwambie ukweli, hakuwa akimwogopa mwinjilisti. Alikuwa ameahidi, basi.

"Mgowe bila ugimbi," akasema Baba Mkubwa. "Labda Yesu wako ana jembe."

"Atakuja, shemeji," mama akasema akiwa bado amepiga magoti. "Ila Yeye halewi."

Mama alipita nyumba kwa nyumba kutangaza. Jumamosi, mgowe wa togwa na viazi. Nilimfuata nyuma, nikiwa nimembeba mdogo wangu mgongoni, na niliona watu wanavyobana midomo wasicheke. Aliyeshindwa kubana ni yule mama wa ng'ambo ya kijito tuliyemwita Bibi Ugimbi, kwa sababu ndiye aliyekuwa mpishi wa pombe wa bonde zima. Mwanamke mkubwa, mwenye sauti kubwa na mikono mikubwa, na vyungu vyake vilijaa ua mzima.

"Mgowe wa uji!" akapiga makofi. "Jamani, Mama Lusia ameita mgowe wa uji! Basi tutawaleta wanaonyonya wakuchimbie. Mimi nitawaletea beleko."

"Waje tu, mama," mama yangu akajibu. "Wakishiba watachimba."

Watu wakacheka, mama naye akacheka kidogo, tukaondoka. Njiani hakucheka tena. Nilimsikia ananong'ona, nikajua anasali.

Sasa mimi nilikuwa na shida yangu. Siku chache baadaye nilikuta kikapu nyuma ya nyumba, kimefunikwa majani ya mgomba. Nikafunua. Ndani kulikuwa na ulezi wetu, umelowekwa, umeota vimizizi vyeupe vyembamba kama nywele za bibi kizee. Kwa Bibi Ugimbi niliuona ulezi ulioota kila siku, na katika masomo ya Jumapili tulifundishwa nini hutoka humo. Kichwani mwangu ile ilikuwa dhambi yenyewe, nimeikuta kwenye kikapu, hai, ina mizizi. Nikafunika upesi. Nikaenda kumtafuta mama, nikamkuta anachanja kuni, nikaanza kulia.

"Mama, utatengwa? Utakaa benchi la mlangoni?"

Aliponielewa alicheka mpaka akaketi chini. Akanipeleka kwenye kikapu, akanipa punje nitafune. Ilikuwa tamu.

"Hiki ni kimea. Nitakitia kwenye uji, uji utakuwa togwa. Ukinywa kesho yake, ni togwa. Ukiiacha, ikikaa, ikikaa, inakuwa pombe. Ni ndugu wa tumbo moja, mwanangu, wanatofautiana siku tu."

"Kwa hiyo lazima watu waje Jumamosi?"

"Lazima waje Jumamosi."

Ijumaa tulipika kutwa. Tulitumia ulezi wote, tukabakiza wa mbegu. Vyungu vyetu havikutosha, tukaazima. Mama alikoroga kwa mwiko mrefu, jasho linamtoka kwenye baridi ile ya Juni, na aliponyunyiza unga wa kimea uji mzito ukalegea mbele ya macho yangu, ukawa mwepesi kama maji ya mto. Nililala nikiwa na furaha. Asubuhi jikoni kulinukia utamu.

Kabla jua halijapanda tukasikia kilio kutoka ng'ambo ya kijito.

Kaka yake Bibi Ugimbi, mzee aliyekuwa akikaa uani kwake, hakuamka. Na huku kwetu akifa mtu, jembe la shamba halinyanyuliwi mpaka azikwe na matanga yaanuliwe. Linanyanyuliwa la kaburi tu. Hakukuwa na mgowe Jumamosi ile, wala Jumapili, wala siku zilizofuata. Na vyungu vimejaa.

Mama alisimama mlangoni mwa jiko muda mrefu. Baba Mkubwa alipita akielekea msibani, akachungulia, akaelewa yote.

"Shemeji, mbona una huzuni? Hukupika pombe wewe. Umepika togwa. Wewe iache tu ikae hapo. Matanga yakiisha, Mungu mwenyewe atakuwa amekupikia ugimbi, na mkono wako ni msafi. Utaita mgowe kama watu wengine."

Hata leo sijui kama alikuwa anamdhihaki au anamhurumia. Nadhani vyote viwili. Na mimi mtoto niliona ni maneno mazuri sana. Nilitaka mama akubali. Asiye na ulezi hawezi kupika mara ya pili, hilo nililijua, na kijana wa Baba Mkubwa nilikuwa nimeshamwona akizunguka bondeni akipima kwa hatua.

Mama akanigeukia, akaniambia, "Lusia, shika kata."

Tulibeba vyungu vyote mpaka kwa Bibi Ugimbi, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, majirani wawili wa kanisani wakitusaidia. Pale msibani hakukuwa na kitu. Mpishi wa bonde zima alikuwa amekaa chini, kichwa amekifunga kitambaa, na mfiwa hapiki. Wachimba kaburi walikuwa wametoka mbali, midomo imewakauka, na ardhi ya mlima ule ni ya mawe. Mama akapiga magoti mbele ya Bibi Ugimbi, akachota, akampa kwa mikono miwili.

Bibi Ugimbi akanywa. Akafuta mdomo. Akatazama ndani ya kata.

"Tamu," akasema. Halafu, "Huu si ule wa mgowe wako?"

"Ndiyo wenyewe."

"Na ulezi mwingine?"

"Hakuna. Pole sana, mama."

Bibi Ugimbi akampa kata mtu wa pili. Kila mtu alikunywa, wachimba kaburi, wazee, watoto, mpaka vyungu vikalia vikikwanguliwa. Tulirudi navyo vitupu na jioni ile mama aliimba jikoni. Mimi sikuimba. Nilikuwa nimemkasirikia, na kwa kadiri ya akili yangu Mungu naye nilimwona hakufanya vizuri.

Matanga yalipoanuliwa, asubuhi iliyofuata mama alinitoa kitandani bado umande mweupe. Tukashuka bondeni, yeye na jembe, mimi na mdogo wangu mgongoni na kapu la viazi vya kuchemsha. Alifyeka magugu kidogo, akaanza mfereji peke yake. Udongo ule ulikuwa mzito, unalivuta jembe kama mtu anayelikataa. Jua lilipotugusa alikuwa amechimba urefu wa mtu aliyelala. Juu, kwenye njia, Baba Mkubwa alikuwa amesimama na kijana wake. Walikuwa wanangoja achoke.

Ndipo nikasikia sauti kubwa ikishuka mlimani.

"Mama Lusiaaa! Nimekuja kulipa uji!"

Bibi Ugimbi alikuwa mbele, kichwa kimenyolewa kinang'aa, jembe begani kama bunduki. Nyuma yake wanawe, wake zao, wale wachimba kaburi, na watu wengine ambao wiki mbili nyuma walibana midomo wasicheke. Si wote. Nusu ya kijiji haikuja, na wengine hawakutusemesha mwaka mzima. Lakini walikuwa wengi kiasi kwamba njia haikuonekana. Na wakwe zake wawili walikuwa wamebeba vyungu vilivyobaki kwenye kuanua matanga, ugimbi mzito, povu limejaa mdomoni.

Mama aliweka jembe chini. Niliona macho yake yakijaa. Kisha akaviona vile vyungu.

"Asante, mama. Asanteni wote. Mungu awabariki." Akavionyesha vyungu kwa kidole. "Lakini hivyo vyungu havivuki."

"Havivuki wapi?"

"Mfereji. Kinyungu hiki hakitafunguliwa kwa pombe."

Mwanaume mmoja akashusha jembe, akatazama njia ya kurudi. Mimi nilitamani kumvuta mama kanga. Baba Mkubwa kule juu alisogea hatua moja.

Bibi Ugimbi akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mfereji gani? Mimi sioni mfereji. Naona mahali nguruwe amelala."

"Huo mtakaouchimba," mama akasema.

Bibi Ugimbi alianza kucheka kutoka tumboni, na kicheko chake kikawachukua wengine mmoja mmoja. "Mwanamke huyu!" akasema. "Haya, nyie, wekeni vyungu ng'ambo ile. Mwenye kiu ataruka. Na chimbeni upana, ili Mungu wake aone vizuri!"

Basi wakachimba. Sijawahi kuona kazi kama ile. Waliimba nyimbo za majembe, na waliposhindwa kupokezana mama akaingiza tenzi, na nyimbo zikachanganyika. Mwenye kiu aliruka ng'ambo, akanywa, akaruka kurudi. Mwanzoni kuruka kulikuwa kwepesi. Kadiri mfereji ulivyokwenda chini na kupanuka, na kadiri vyungu vilivyopungua, kuruka kukawa kugumu, na watu wakaanza kutumbukia. Anayetumbukia anatoka mweusi kama sufuria, wenzake wanamshangilia. Waliokunywa maji na kula viazi upande wetu hawakutumbukia, na mama alihakikisha wanalitambua hilo.

Mchana jua likawa kali. Baba Mkubwa alikuwa ameshuka, polepole, kana kwamba anatafuta mbuzi, akafika ukingo wa ng'ambo, karibu na vyungu. Alipenda ugimbi wa Bibi Ugimbi kuliko mtu yeyote bondeni. Bibi Ugimbi mwenyewe alikuwa amekaa pale anapumzika. Akachota kata, ikajaa mpaka ikamwagika.

"Baba Mkubwa, karibu. Msiba umetuchosha wote."

"Asante, asante," akasema. Akapokea. Akanywa yote, macho amefumba.

Alipofumbua, Bibi Ugimbi alikuwa amemshikia jembe.

Uimbaji ukakatika. Watu wote waliinuka ndani ya mfereji wakatazama, nyuso zimejaa matope, macho tu yanaonekana. Baba Mkubwa akatazama kata, akatazama jembe, akamtazama kijana wake kule juu. Wala hakukasirika. Nilimwona akipumua, pumzi ndefu, na mdomo ukaanza kumcheza.

"Wewe mwanamke ni mbaya," akamwambia Bibi Ugimbi. Akashika jembe, akaruka, akatumbukia.

Mama aliinama akaendelea kuchimba, ila mimi nilikuwa nyuma yake na niliona mabega yake yanacheka. Jioni maji meusi yalianza kutembea, kwanza kama machozi, halafu yakashika njia, yakaenda mtoni. Pombe haikuvuka.

Maharage ya mwaka ule yalizaa mpaka mashina yakalala. Tulipoyapeleka Makambako nilibeba mzigo wangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Tuliondoka jogoo la kwanza, tukafika jua linazama, na pale kando ya barabara kubwa, malori yanapita na vumbi na vishindo, nilisimama na mzigo kichwani kwa makusudi, nisitue upesi, ili madereva wanione. Baba aliporudi kutoka mkonge, na kikohozi chake na sanduku la bati, alikuta kinyungu cha kijani na mke asiye na deni la mtu. Na yule kijana wa Baba Mkubwa? Mama alimkatia kipande cha juu alipooa. Kwa hiari yake. Alisema sasa kinyungu ni chake yeye, kwa hiyo anaweza kukitoa.

Mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba mifereji ya vinyungu huchimbwa ili kuzuia pombe. Niliona ni jambo la busara sana la wazee wetu. Nilipoolewa kijiji kingine nikaona mfereji mkubwa, nikamsifu mama mkwe kwamba hapa watu wanamcha Mungu. Alinitazama vile ambavyo sijasahau mpaka leo. Na mambo ya kuandika haya nimeyapata ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, lakini lile la mfereji hakuna mwalimu aliyeweza kulitoa kichwani mwangu kabisa.

Tulimzika mama kwenye mteremko juu ya kinyungu chake, kando ya baba. Watu walijaa. Bibi Ugimbi alishatangulia, ila wakwe na wajukuu zake walikuja, na wengine kutoka ng'ambo, na wengi walileta vyungu kama desturi yao ilivyo. Nilikuwa nikilia, sikuangalia wanaviweka wapi. Nilipoinua kichwa nikaviona vimepangwa safu moja, kimya, ukingo wa ng'ambo ya mfereji. Hakuna aliyewaambia. Baadhi yao hawakuwa hata wamezaliwa mwaka ule wa mfereji.

Baba Mkubwa alikuwa mzee sana, anatembea kwa fimbo. Vijana walikuwa wamemwekea kiti karibu na kaburi. Akakataa kukaa. Akashuka mpaka mferejini, akavushwa kwa mikono ng'ambo, akapewa kata, akanywa taratibu mpaka mwisho, akavushwa tena. Akapanda mteremko, anahema, akafika pale vijana wanapochimba.

"Mzee, kaa upumzike," wakamwambia. "Tunatosha."

Akawapa fimbo waishike.

"Nimekunywa," akasema. "Nipeni jembe."